Jengo linalofundisha kutunza maji: anza na tenki, mabango baadaye

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dodoma, nalifupisha: "Shikamoo injinia. Kikundi chetu kina kiwanja nje kidogo ya mji, tumepata hela ya kujenga kituo cha wageni, wengi watakuwa wanafunzi wanaokuja kwa makundi. Tunataka jengo lenyewe liwafundishe kutunza maji, lisiwe ukumbi wa picha tu. Bati litakuwa kama mita za mraba 180, wageni tunategemea 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Tuanzie wapi, na nini tusipoteze hela?"

Marahaba dada, na umefanya la maana kuuliza kabla ya kuchora, wengi huwa wananitafuta slabu ikishamwagwa.

Nianze na hayo mabango maana yananikera kidogo. Kuna kituo kimoja niliitwa kukagua, sikitaji, ndani ukuta mzima umejaa picha nzuri za rangi, tunza maji, maji ni uhai, tone moja lina thamani, alafu nje pale wanaponawia koki imekatika mpira inachuruzika mchana kutwa na watoto wamepanga foleni wanacheza na tope. Nikaweka chupa chini ya ile koki nikaendelea na kazi zangu. Ujue hata koki inayodondosha tone moja tu kwa sekunde inakula sio chini ya lita 4 kwa siku, hiyo kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,400, na ile yao ilikuwa sio ya matone. Mtoto aliyetoka pale kajifunza nini? Kajifunza kwamba maji ni ya kuandikwa ukutani. Kwa hiyo mimi nakushauri hela ya mabango yote iweke kwenye tenki, na tenki liwe mbele ya jengo, mlangoni, sio nyuma jikoni.

Sasa hesabu, na hii hesabu ndo somo la kwanza kwa mgeni, hata wa darasa la nne anaiweza. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Basi, hakuna kingine. Dodoma kwa wastani inapata kama milimita 570 kwa mwaka, zidisha kwa 180 unapata lita 102,600, toa moja ya tano kwa ajili ya inayorukia nje, inayokaukia kwenye bati na ile chafu ya mwanzo, unabaki na kama lita 82,000. Zinasikika nyingi eti? Ngoja. Wageni 40 kila mmoja ukimpa lita 5, za kunawa na choo cha kumwagia, ni lita 200 kwa siku, kwa siku 312 za kazi ni lita 62,400, hapo unatoka na chenji inabaki. Ila ukiweka vyoo vya kuflashi vya lita 9 na koki za kawaida, mgeni mmoja anakwenda lita 12 bila hata kujisikia, hiyo kwa mwaka inakaribia lita 150,000 na bati lako halifiki hata mkifanya maombi. Yaani uamuzi wa sinki gani mnanunua dukani ndo unaamua kama jengo litajitegemea au litakuwa linasubiri boza.

Alafu usidanganywe na jumla ya mwaka, Dodoma mvua inakuja miezi mitano hivi, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo Mei hadi Novemba unakula akiba. Miezi 7 ni kama siku 182 za kazi, mara lita 200 ni lita 36,400. Ndo maana nakwambia jenga tenki la lita 50,000, sio zile simtank mbili za lita 5,000 ambazo kila mtu anaweka alafu Juni zimekauka anasema uvunaji wa mvua haufanyi kazi. Unafanya kazi, ila hukuweka chombo.

Hapa ndo kuna kitu nataka ukishike vizuri. Tenki la duara la ferosimenti, yaani waya wa kuku na nondo nyembamba unakandikwa zege laini, lenye kipenyo cha mita 5.2 na kina cha maji mita 2.4, linabeba hizo lita 50,000 na zaidi kidogo. Sasa kila sentimita moja ya kina ndani ya hilo tenki ni kama lita 212, ambayo ni matumizi yenu ya siku moja. Umeona? Kundi la watoto 40 likija, likinawa, likienda chooni, likiondoka, maji yameshuka sentimita moja. Kitu kinachoonekana kwa macho.

Kuonyesha kina usiweke ule mpira mweupe unaoona ndani, unaofungwa pembeni mwa tenki maji yapande humo usawa na ya ndani, jua likiupiga wiki tatu tu ndani umeota mwani wa kijani huoni kitu. Tumia kamba na jiwe. Unachukua dumu dogo unalifunga vizuri lina mchanga kidogo ndani ili liwe na uzito, hilo ndo boya linaelea ndani, unalifunga kamba ya nailoni inapita kwenye puli mbili juu ya tenki inashuka upande wa nje, mwisho wa kamba unaning'iniza jiwe au kipande cha chuma chepesi kuliko boya. Nje unapiga mistari ya rangi kila sentimita 10. Tenki likijaa jiwe liko chini, maji yakipungua boya linashuka jiwe linapanda. Watoto inawachanganya kwanza, mbona maji yanaisha jiwe linapanda? Usiwaambie haraka, acha wabishane, mwingine atapanda ngazi kuchungulia (weka ngazi na kifuniko chenye kufuli, hili sio la kujadili, tenki bila kufuli na watoto ni msiba). Puli zipake grisi kila msimu maana zikikwama jiwe linasema uongo.

Kwenye mistari weka kijani, njano, nyekundu, na muwe na sheria inayofuatwa kweli. Jiwe likifika nyekundu mgeni anapewa lita 3 badala ya 5, na wafanyakazi pia. Mwaka mbaya mvua inaweza kuja milimita 400 tu, hapo bati linakupa lita 57,600, umepungukiwa lita 4,800, kama siku 24 hivi za matumizi. Zitatokea. Na mkiita boza msifiche lije usiku, andikeni ubaoni kwa chaki leo tumeita boza, lita ngapi, shilingi ngapi. Kwangu mimi hiyo ndo siku ambayo mgeni atajifunza kuliko siku zote, jengo la maji ambalo halijawahi kuishiwa maji linafundisha kitu gani.

Na msiishie kwenye mvua, maana wageni wenu wengi nyumbani wanatumia maji ya visima virefu vya Makutupora na hawajui yanaingiaje kule chini. Kuna utafiti ulitoka 2013, walichukua kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji visimani pale Makutupora wakakuta kwamba ule mwamba unaohifadhi maji kule chini haujazwi kila msimu kama tunavyodhani. Maji yanashuka taratibu mwaka baada ya mwaka, alafu inakuja mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Nino ya 1997/98, inayapandisha kwa mkupuo mmoja. Yaani ni kama mtu anayelipwa mshahara mara moja kwa miaka kadhaa na kila siku anakula. Tangu Dodoma itajwe kuwa makao makuu 1973 na hasa baada ya serikali kuhamia, watu wameongezeka, sensa ya 2022 imekuta jiji lina zaidi ya laki 7 na nusu. Hii ichore kwenye ukuta mrefu wa veranda, mstari mmoja tu wa rangi unaoshuka pole pole kwa hatua kadhaa alafu unaruka juu, alafu unashuka tena, mtoto anatembea nao kwa mkono. Hapo ndo nakubali ukuta utumike.

Kunawa sasa. Hiki ndo kituo chako cha pili kwa umuhimu baada ya jiwe. Weka sehemu mbili zinazofanana ubavuni kwa ubavu, moja ina koki ya kawaida, nyingine kibuyu chirizi, kile cha kukanyaga kijiti chini dumu linainama. Chini ya kila moja usiweke bomba la kutolea, weka ndoo nyeupe ya lita 10 yenye alama za lita ubavuni. Mgeni ananawa kwa sabuni kama anavyonawaga kwao, akimaliza anatazama ndoo. Koki iliyofunguliwa yote inatoa lita 6 mpaka 10 kwa dakika, na mtu akijipaka sabuni haifungi, kwa hiyo utakuta ndoo ina lita 3 na kitu. Kwenye kibuyu chirizi hata nusu lita haifiki. Alafu ile ndoo aibebe mwenyewe akamwage kwenye migomba, mita 20 hivi. Usimtumie mhudumu! Mgongo na mikono ndo vinakumbuka, lita 20 ni kilo 20 na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kubeba dumu hajui hilo, wakati mwenzake wa kijijini anajua na hapo ndo atakuwa mwalimu wa wenzake.

Pembeni hapo weka beseni mbili na kipande cha sabuni ya mche, moja maji ya mvua nyingine maji ya chumvi ya kisima. Hakuna maelezo, mtu asugue tu aone povu linavyotoka haraka kwenye ya mvua. Mama zetu wanajua hii bila kufundishwa, ndo maana mvua ikinyesha kila mtu anatoa sufuria nje.

Koki za kubonyeza zinazojifunga zenyewe wengi watakushauri. Ni nzuri, ila uliza kwanza kama vipuri vinapatikana Dodoma, maana spring ikichoka fundi wa mtaani anafungia waya na kuanzia hapo haifungi kabisa.

Vyoo nitakwenda haraka kwa sababu jibu ni fupi: choo cha kumwagia, cha kuchuchumaa, chenye kona ya maji ya kuzuia harufu, lita 2 zinatosha, na kimoja cha kukaa chenye vibonyezo viwili kwa wazee na wenye ulemavu. Vyoo vya mboji visivyotumia maji kabisa nakushauri uviache. Sio vibaya, ila vinataka mtu wa kuvihudumia kila siku na wageni wa kupita hawafuati masharti. Lile jengo maarufu la Bullitt Center kule Seattle Marekani lililofunguliwa 2013, lenye tenki la mvua chini la lita kama 212,000, waliweka vyoo vya mboji ghorofa 6 na baadaye wakaving'oa wakaweka vya kufyonza kwa hewa. Kama wao na hela zile wameshindwa nyie na mlinzi mmoja mtaweza wapi. Ila usiangalie Seattle sana, angalia Laikipia hapo Kenya, shule ya msingi Uaso Nyiro, wale walijenga madarasa kuzunguka ua, mapaa yote yanaleta maji kwenye hifadhi moja katikati, na 2013 shule ikapewa tuzo Marekani ya kuwa ya kijani kuliko zote duniani. Nguo ile inakufaa zaidi, ni nchi kavu kama yenu.

Kama mtaweka sehemu ya kutawadha, na nadhani mnahitaji, usiweke koki. Weka birika dogo, yaani kihodhi cha maji cha kujengea, na kata ya kuchotea, kama misikiti ya zamani ya pwani. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo lita moja haifiki, na kuoga kwa pishi, yaani mudi nne. Leo mtu anatawadha kwa koki imefunguliwa mwanzo mpaka mwisho. Ukiweka kata mkononi mwake hahitaji kuambiwa kitu. Mbu usiogope, Lamu walikuwa wanaweka visamaki ndani ya birika vinakula viluwiluwi, na watoto wataganda pale kuangalia samaki kuliko kitu kingine chochote ulichojenga.

Tuje kwenye paa maana hapo ndo pesa inapotea. Msanifu atakuletea mchoro wa paa la kipepeo, mabati mawili yanainamia katikati, picha yake inapendeza na maji yanamwagika sehemu moja kama maporomoko. Mimi napenda pia, ila ule mfereji wa katikati ukivuja unavuja ndani ya ukumbi, na kwa mafundi wetu utavuja. Chukua bati la mteremko mmoja, gata moja ndefu upande wa chini, upande huo uwe mfupi kiasi cha mtu mzima kuinua mkono akagusa gata. Maji yaonekane yakipita. Mvua za Dodoma zinakuja kwa hasira, chukulia milimita 100 kwa saa, kwa bati lako hiyo ni lita 5 kwa sekunde, dumu la lita 20 linajaa kila sekunde 4. Kwa hiyo gata pana na mabomba mawili ya kushushia ya inchi 4, zile gata nyembamba za urembo maji yatazirukia yote. Mteremko uwe angalau sentimita 1 kila mita 2 kuelekea kwenye tenki, na upimwe kwa mpira wa maji, usikubali fundi aseme naona kwa jicho. Kuna kazi moja nilisimamia nikamwamini fundi kwa jicho, mvua ya kwanza Desemba, wageni rasmi wamekaa, maji yote yakakimbilia upande wa pili yakamwagikia viti vya mbele na tenki likabaki kavu. Kosa langu, sikupima.

Maji ya mwanzo wa msimu usiyaruhusu tenkini, miezi 7 ya vumbi la Dodoma na kinyesi cha ndege viko juu ya bati. Milimita ya kwanza ni lita 180, kwa hiyo lile bomba refu la inchi 4 wanalochora kwenye vitabu halitoshi, linabeba kama lita 8 na nusu kwa mita, ungehitaji mita 21. Weka pipa la lita 200 kabla ya tenki, likijaa ndo maji yanapita kwenda mbele, na chini toboa kitundu kidogo liwe linachuruzika polepole lijitayarishe kwa mvua inayofuata. Chota chupa moja ya maji ya pipa na moja ya tenki uziweke dirishani kwenye mwanga. Hizo chupa mbili zitajibu maswali kuliko mwongozaji wenu. Maji ya kunywa hata hivyo chemsha au tia dawa, usimpe mgeni moja kwa moja kutoka kwenye koki.

Yaliyonawiwa yaende kwenye shimo la migomba, duara la mita 2 lililojaa matawi na majani, migomba 4 au 5 kuzunguka. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, vinginevyo shimo linaziba na kunuka ndani ya mwezi. Septemba Dodoma yote imekuwa ya kahawia, mtu akiona migomba ya kijani pale atauliza mwenyewe inanyweshwa na nani. Inayofurika kutoka tenkini mwaka wa kawaida, lita 20,000 hivi, ipeleke kwenye mzabibu wa kwenye uzio au iingie ardhini kwenye mtaro wa mawe, isikimbilie barabarani.

Na mpango wa ujenzi: tenki kwanza, Juni. Zege na plasta vinakunywa maji sana, ukijenga kiangazi chote kwa maboza kituo cha kutunza maji kinaanza na deni. Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo zitakupunguzia plasta na chokaa. Bati na gata viwe juu kabla ya mwisho wa Novemba hata kama kuta za ndani hazijaisha, kumalizia utatumia maji yako mwenyewe.

Kabla ya yote hayo lakini, msimu huu unaokuja nunua kipima mvua, au chukua kopo la bati la pembe zilizonyooka, litege wazi mbali na miti, kila saa 3 asubuhi pima kwa rula milimita ngapi, andika kwenye daftari alafu mwaga. Wastani wa 570 ni wa mji, kiwanja chako kinaweza kuwa na tabia yake. Daftari hilo likifika Aprili nitumie picha ya kurasa pamoja na mchoro wa bati, tutakaa tuamue kama tenki libaki 50,000 au tuongeze.